Kung'oa mapazia, reli na tinti za zamani kwenye Coaster unayoigeuza gari la kulala

Wadau wa Kigoma na jirani zetu wa Tabora, habari za kazi. Siku hizi watu wa minada wameshtuka, mtu anachukua Coaster iliyochoka, ile iliyopigishwa ruti ya Kasulu mpaka siti zimetoa sponji, anang'oa siti zote anaweka kitanda, jiko la gesi na sola, afu anazunguka nayo Kasulu, Kibondo mpaka Kakonko bila kulipia gesti. Wamarekani wao wanayo yaliyotoka kiwandani hivohivo wanayaitaga RV, sisi tunajitengenezea wenyewe. Sasa watu wanaulizaga kitanda kikae wapi, betri ya sola iwe ya ukubwa gani, madirisha hamna anayeuliza, wakati ukiharibu dirisha mvua ya Novemba inakufuata mpaka kitandani. Kwa iyo hapa naongelea dirisha tu, na tena sio kuweka pazia jipya, ni kutoa la zamani bila kuacha hasara nyuma yake.

Fanya kiangazi. Juni mpaka Septemba huku kwetu jua lipo la kutosha na hilo jua ndo hita yako ya bure, utaona baadae kwenye tinti, na pia kama matundu ya skrubu yatabaki wazi siku kadhaa hamna maji ya kuingia. Shida ya kiangazi ni vumbi, kwa iyo usipaki gari pembeni ya barabara ya vumbi halafu ukashangaa gundi imegeuka matope. Siti zitoe kwanza, ila acha moja ya kukalia, utanishukuru mgongo ukianza kuuma. Na hii kazi ya madirisha iishe kabla hujagusa dari wala kuta, maana nyuma ya pazia ndo unaonaga kutu na michirizi ya maji inayokuambia raba gani imekufa, ukishapigilia mbao mpya juu yake hutajua tena.

Kabla ya bisibisi chukua simu upige picha kila dirisha, moja ya mbali na moja ya karibu kwenye kona, afu bandika karatasi ya tepu uandike namba, kushoto 1, kushoto 2, hivo hivo. Madirisha ya Coaster ukiyaangalia haraka unaona yanalingana ila la karibu na mlango na yale ya nyuma vipimo vyake ni vingine. Pazia ukilitoa liwekee namba yake ileile, usitupe, fundi cherehani akipewa pazia la zamani kama kipimo hakosei, akipewa namba za kuandikwa kwenye kiganja cha mkono anakosea. Hasa kama unataka kushona ya vitenge, kitenge kizuri ukishakikata kifupi ndo basi.

Na battery toa waya wa hasi. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, betri mbili zimeungwa pamoja, na nyaya za taa za dari zinapita kwenye nguzo katikati ya madirisha au juu yake, palepale ambapo reli ya pazia imefungwa. Ukiwa na drili mkononi na waya uko nyuma ya plastiki usiouona, hasi ikiwa imetoka unaumiza waya tu, hauunguzi gari.

Haya tuje kwenye skrubu, hapa ndo nakaa muda mrefu kwa sababu hapa ndo watu wanaharibuga. Skrubu za magari ya Kijapani zile za nyota sio sawasawa na nyota ya bisibisi ya kawaida uliyonunua dukani. Zinafanana kwa macho ila mfereji wake umekatwa tofauti kidogo, Wajapani wana kiwango chao kinaitwa JIS, na nyingi utakuta zina kidoti kidogo kimoja kichwani. Bisibisi ya kawaida ukiiweka inakaa ila ukikaza mkono inapanda juu na kula kichwa, mtu anasema skrubu mbovu kumbe bisibisi sio yake. Kama unaipata ya JIS chukua, kama hamna basi tafuta ile inayojaa vizuri isiyocheza, egemeza uzito wa mwili ndo uzungushe. Nguvu kubwa iwe ya kusukuma ndani, ya kuzungusha iwe ndogo.

Ikigoma usishindane nayo. Puliza WD-40 au weka tone la mafuta mepesi, nenda kafanye dirisha lingine, rudi baadae. Gonga mgongo wa bisibisi kwa nyundo kidogo kutingisha kutu, afu jaribu kukaza kwanza robo ya robo ndo ufungue, mara nyingi inaachia hapo. Kichwa kikishaliwa, kata kipande cha tyubu ya baiskeli weka kati ya bisibisi na skrubu, ile raba inajaza pengo. Ikikataa na hapo na kichwa kimechomoza, vaisigripu, ile plaizi ya kujifunga yenyewe ikishabana. Mwisho kabisa ndo drili, unatoboa kichwa tu kwa biti nene kidogo kuliko shina la skrubu, kichwa kikiruka reli inatoka na shina lililobaki unalishika na plaizi. Usizamishe biti ndani, bati la Coaster upande wa pili ni nje ya gari.

Ribiti nazo ni hivohivo, biti katikati ya kichwa, taratibu, kikianza kuzunguka na biti acha, shika pembeni na kitu bapa ndo uendelee.

Afu jambo jingine, skrubu zinazozunguka dirisha sio zote za pazia! Kwa wenye Coaster hii sio kesi sana maana kioo kimeshikwa na raba au gundi, skrubu utakazokutana nazo nyingi ni za reli na za plastiki za urembo. Ila kuna watu wananunua magari ya kulala ya ukweli, yale ya watalii wanaovuka Afrika afu wanaamua kuliuza hapohapo, na kama ni la Kimarekani dirisha lake linakaa kwenye tundu la ukuta kwa kubanwa na fremu mbili, moja nje moja ndani, na ile ya ndani imefungwa skrubu pande zote nne zimepangwa kwa nafasi sawa. Ukizifungua ukidhani ni za pazia umeachia dirisha zima, linabaki limening'inia kwenye silanti kuukuu, ile gundi ya kuziba maji, na hata lisipoanguka nje ule muhuri umeshavunjika. Kanuni yangu ni hii: skrubu chache, ziko juu au kwenye kona, na ukitingisha pazia unaona kitu kinacheza, hizo ni za pazia. Skrubu nyingi zimezunguka kama shanga, acha.

Sasa kutoa chenyewe. Pazia la Coaster la kutoka Japani ni kitambaa kizito kimeshikwa na vindoano vinavyoteleza ndani ya reli ya aluminiamu. Usivute kitambaa! Kijana wa gereji akiambiwa toa mapazia anakamata na mikono miwili anashusha, vindoano vinavunjika na reli inapinda, na ile reli bado ilikuwa inafaa kabisa. Angalia mwisho wa reli kuna kizuizi kidogo cha plastiki au skrubu, kitoe, afu telezesha vindoano vyote vitoke upande huo kimoja kimoja, weka kwenye kopo. Ndo ufungue reli, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, na mtu wa pili ashike maana ikibaki na skrubu moja ya mwisho inaning'inia inapinda kwa uzito wake. Reli ioshe na maji ya sabuni, ndani yake kuna uchafu wa miaka, ikikauka pitisha kipande cha mshumaa ndani, vindoano vitateleza vizuri kuliko mwanzo. Kuna mapazia yameshikwa na zile tepu za kunata zenye manyoya upande mmoja na vindoano upande mwingine, hayo kitambaa kinatoka kirahisi ila tepu inabaki kwenye bati, nayo ni kesi ya gundi, subiri kidogo.

Hayo magari ya Kimarekani yana mambo yake. Juu ya dirisha kuna kibao kimevikwa sponji na kitambaa, kinaficha kila kitu. Skrubu zake huzioni kwa mbele, ingia chini na tochi ya simu uangalie juu, utaona vyuma vya pembe vimefungwa ukutani, au skrubu imejificha chini ya ukingo wa kitambaa, papasa na kidole utasikia uvimbe. Kikikataa kutoka usikivute kwa hasira, kuna skrubu bado hujaiona, ukuta wake ni plaiwudi nyembamba ya milimita chache tu unaweza kuondoka na kipande. Kitambaa chake kimepigwa pini za stepla, ng'oa kwa bisibisi bapa na plaizi ukiwa umevaa glavu, kibao chenyewe unaweza kukivika kitambaa kipya.

Nyuma ya kibao utakuta pazia la mikunjo lenye kamba zinazopita katikati ya mikunjo mpaka chini, zimevutwa zikaze. Hapa anzia chini, sio juu. Fungua vile vishikio vidogo vilivyobana kamba chini ya dirisha kwanza, mkazo uishe, ndo upande juu ushushe mikunjo na mkono uone skrubu zilizopita kwenye reli yake. Ukianza juu kamba inakuchapa. Na kamba ukizitoa usiziache sakafuni watoto wakachezea, kamba za mapazia zimeshanyonga watoto, Wamarekani mpaka wakaweka kiwango mwaka 2018 kwamba mapazia yanayouzwa tayari dukani yasiwe na kamba za kuning'inia.

Kama ni mapazia yale ya vibao vyembamba vya plastiki vya kufungua na kufunga, na gari ni la kabla ya 1996 au hapohapo, hapa kuwa makini kweli. Mwaka huo tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilikuta madini ya risasi, ile sumu, kwenye vibao vya plastiki vilivyokuwa vinaingizwa kutoka nchi kadhaa, walikuwa wanaichanganya kuipa plastiki uimara, na jua na joto vikiichosha plastiki risasi inatoka juu kama vumbi. Kwa iyo usiikung'ute wala kuipiga nje ya mlango watoto wakiwa hapo. Futa na kitambaa kibichi, fungua vimlango vidogo vya kwenye kona, toa ikiwa nzima, funga kwenye mfuko, nawa mikono kabla hujala. Hii ya plastiki usimpe mtu akatumie nyumbani.

Kwenye magari ya kulala ya Ulaya mara nyingi ni pazia la kujikunja lenyewe ndani ya kasha, na upande mwingine wa kasha lilelile kuna wavu wa mbu. Ndani kuna springi imepindwa, kwa iyo ukitoa toa kasha zima, usifungue vifuniko vya pembeni ukiwa kwenye gari, springi ikifunguka inazunguka kwa kasi ikakukata vidole. Na wavu wake kama mzima mi nakushauri urudishe, mbu wa huku ziwani mnawajua wenyewe, hamna haja ya kununua wavu mpya wakati unao.

Haya tinti. Kwanza hakikisha ni tinti kweli, yaani ile karatasi ya giza iliyobandikwa kwenye kioo. Coaster na Hiace nyingi vioo vyake vya nyuma vina rangi ya kiwandani ndani ya kioo chenyewe, nimeona kijana anakwangua kioo cha namna hiyo mpaka jasho linamtoka, rangi haitoki maana haipo juu. Sogeza kioo cha kuteleza uangalie ukingo wake, kama ni karatasi utaona inaishia kabla ya mwisho wa kioo, kuna kamstari, na ukikwaruza kona na ukucha inanyanyuka. Kama hamna mstari basi hiyo ni rangi ya kioo, iache, na ni nzuri tu.

Karatasi inatoka kwa joto na subira. Paki gari kwenye jua upande wa dirisha unaloshughulikia uelekee jua, saa tano mpaka saa nane hivi. Pulizia maji ya sabuni nje ya kioo, bandika mfuko mweusi wa taka, ndani nako pulizia karatasi maji ya sabuni ubandike mfuko mwingine, acha muda mrefu joto liingie. Wengine ndani wanapulizia amonia badala ya sabuni na inafanya kazi haraka zaidi, ila harufu yake inaua pua, fungua milango yote na vaa barakoa, na amonia usiichanganye na Jik hata kidogo, inatoka hewa ya sumu. Mi kwa gari la kulala naenda na sabuni tu. Kama jua halijatosha azima drai ya mkononi ya saluni, ipitishe ikiwa inatembea, usiiweke sehemu moja. Maji ya kuchemka usimwagie kioo, kioo cha baridi na maji ya moto vikikutana kinapasuka chote vipandevipande.

Ikishapata joto nyanyua kona ya juu kwa ukucha au kiwembe, afu vuta pole pole kurudi chini karibu na kioo, usivute kuja kwako. Ukivuta kwa haraka karatasi inatoka gundi inabaki, ukivuta kwa mwendo wa konokono gundi inakuja na karatasi yake. Dakika chache unazookoa kwa haraka utazilipa nusu siku kwenye kukwangua. Ikichanika usiendelee kwa hasira, pasha tena.

Gundi iliyobaki, hii ya tinti na ya zile tepu za manyoya na ya stika za "Mungu Mkubwa" zilizobandikwa na dereva wa zamani, ilowanishe na mafuta. Ya taa yanafanya kazi, lakini hata mafuta ya kula yanafanya, na huku Kigoma mise ipo, yale mafuta ya kokwa za mchikichi. Mawese mekundu sikushauri, yanalainisha ila yakidondokea godoro au mbao nyeupe doa halitoki. Loweka kitambaa, kibandike kwenye gundi, acha, rudi ufute, mwisho osha na sabuni mpaka kioo kiwe hakitelezi, la sivyo tinti mpya haishiki. Petroli ndani ya gari hapana, najua wengi wanaitumiaga, mvuke wake unajaa ndani na cheche moja inatosha. Na hata mafuta ya taa yasikae kwenye raba ya dirisha, raba inavimba na kulegea, futa haraka.

Kiwembe kinaruhusiwa kwenye kioo tu, kiwe kipya, kioo kiwe kibichi kwa sabuni, ukilaze karibu bapa na usukume upande mmoja bila kurudi nyuma. Kioo cha nyuma chenye mistari myembamba ya kuondoa ukungu usiguse na kiwembe kabisa, mstari ukikatika umeme haupiti, hapo ni mafuta na kitambaa na kufuata mstari unavyokwenda. Na magari ya kulala ya Ulaya madirisha mengi sio kioo, ni akriliki, plastiki ngumu ya tabaka mbili. Gonga na kucha utasikia sauti ya plastiki. Hiyo usiipe kiwembe, thina, spiriti, petroli wala amonia, inapata nyufa ndogondogo kama nywele na haitengenezeki. Maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini, basi, hata ikichukua muda.

Ukimaliza, mifereji ya chini ya vioo vya kuteleza itakuwa imejaa nyuzi za pazia na uchafu wa gundi. Safisha na mswaki wa zamani, afu tafuta vitundu vya kutolea maji chini ya fremu uvizibue na waya mwembamba. Vikiziba maji ya mvua yanajaa kwenye mfereji na kumwagikia ndani, watu wanalaumu raba bure.

Matundu ya skrubu usiyaache hata kama unajua reli mpya itakaa palepale. Yenye kutu piga msasa, paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, ikauke. Yale utakayotumia tena weka tone la silanti kabla skrubu haijarudi, na skrubu iwe fupi ileile ya mwanzo, ndefu inatokea nje. Yasiyotumika ziba kabisa. Silikoni inayonuka siki usiiweke kwenye bati, ile asidi yake inaanzisha kutu chini yake huku juu pamenyooka, chukua isiyo na harufu hiyo au silanti ya poliyurethani ambayo mafundi bodi wanatumia, na iache siku nzima kabla ya kuijaribu.

Reli zilizopinda na aluminiamu nyingine ambayo hutumii wanunuzi wa chuma chakavu wanachukua kwa kilo, usichanganye na chuma cha kawaida maana bei yake sio moja. Halafu chukua mpira wa maji, mmoja abaki ndani na tochi, mwingine amwagie nje akianzia chini ya dirisha na kupanda juu pole pole, ukianzia juu maji yanashuka kote hutajua yameingilia wapi. Pakitokea tone weka alama na chaki, kausha, ziba tena, na usipigilie mbao dirisha hilo mpaka lipite jaribio la pili.